Uso Unaofukuta

Ukiingia duka la dawa la mtaani ukasema una vipele usoni, utaambiwa ni chunusi. Neno hili limebebeshwa mzigo kupita kiasi: vipele vya balehe ni chunusi, vya wembe wa kinyozi ni chunusi, na hata maradhi ambayo vitabu vya tiba huyaita rozasia nayo yanaingizwa humo humo.

Si sisi pekee tuliochanganya. Mwanzoni mwa karne ya 19 Thomas Bateman, daktari wa London, aliyaweka katika ukoo wa chunusi, na vizazi vya madaktari vikaendelea kuyaita acne rosacea. Siku hizi yametengwa. Rozasia haina vile vichwa vyeusi vya mafuta yaliyoziba. Aghalabu humwanza mtu aliyekwisha kupita miaka 30, hukaa katikati ya uso, na pengine huingia machoni, mtu akahisi kama ana mchanga chini ya kope.

Jina lenyewe linatokana na Kilatini na maana yake ni rangi ya waridi. Waliolitunga walikuwa wakitazama mashavu meupe. Kwenye ngozi nyeusi au ya maji ya kunde waridi hilo mara nyingi halijitokezi. Panaonekana weusi wa kahawia au wa zambarau kidogo, na daktari makini hukandamiza kipande cha kioo shavuni aone kama rangi inafifia, kisha hugusa kupima joto. Kwa hiyo anayetaka kuyaita "maradhi ya wekundu wa uso" atampoteza mgonjwa wake. Afadhali rozasia, neno ambalo kwa msikiaji wa Kiswahili haliahidi rangi yoyote.

Utajiri wetu uko kwenye vitenzi. Kuwasha kunadai kukuna, na mara nyingi kunaelekeza kwenye ukurutu au aleji. Kuchonyota ni pale sabuni au losheni yenye manukato inapogusa shavu. Kufukuta ni joto linalopanda kutoka ndani baada ya chai ya moto, pilipili, jua la saa saba au kuinamia jiko la mkaa. Daktari akiuliza tu, "Unawashwa?" mama lishe atajibu hapana, na mazungumzo yataishia hapo. Amuulize kama uso unafukuta, atasimuliwa mengi.

Kuna usemi mwingine unaonitia shaka: "mafuta yamenikataa." Husemwa sana na waliojichubua. Ndani ya mkorogo mara nyingi mna steroidi kali kama klobetasoli au betamethasoni. Mwanzoni mafuta hayo hayakatai kitu. Ngozi inatulia na kung'aa. Baada ya miezi inakuwa nyembamba, vimishipa vinajitokeza, na siku mtu akiacha kupaka, uso unalipuka vipele na moto, sura ile ile ya rozasia. Anadhani amekataliwa, anarudia kupaka, anatulia, na mtego unakaza. Kutoka humo kunahitaji daktari, si kopo jipya.

Dawa zenyewe za rozasia ni wageni tunaowafahamu. Metronidazoli, tuliyoizoea kwa amiba, hupakwa kama jeli. Ivermektini, inayogawiwa vijijini kwa usubi na matende, ipo kama krimu ya asilimia 1 ya kupunguza Demodex, utitiri unaoishi kwenye vinyweleo vya watu wazima karibu wote na unaokithiri kwa wenye rozasia. Doksisaiklini hutolewa kwa kipimo kidogo cha miligramu 40 kwa siku, kutuliza uvimbe tu, si kuua bakteria.

Hapo ndipo "dozi" inapokwama. Tumefundishwa kumaliza dozi, na aliyemaliza hutarajia kupona. Krimu hizi huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, hata 12, na maradhi hutulia bila kuondoka. Kitenzi chake ni kudhibiti, kama tunavyosema kwa presha na sukari.

Na kudhibiti huanzia kwenye losheni ya kukinga jua, SPF 30 au zaidi, ambayo wengi wetu tunaijua kama kitu cha watu wenye ualbino. Zile za zinki huchonyota kidogo kuliko nyingine, ila zinaacha weupe wa chokaa kwenye ngozi nyeusi. Zipo zilizotiwa rangi ya oksidi za chuma, na mwenye rozasia aulizie hizo.