Gen Z wa Lagangabilili: Jina Limetoka Wapi?

Mtoto aliyezaliwa Lagangabilili mwaka 1998 ni Gen Z. Hakuna aliyemuuliza. Mstari umechorwa Marekani, ambako kituo cha utafiti cha Pew kilitangaza mwaka 2018 kwamba waliozaliwa kuanzia 1997 wasihesabiwe tena milenia. Mama yake, kama ni wa 1960, anaitwa boomer, kwa sababu huko Marekani watoto walizaliwa kwa wingi balaa kati ya 1946 na 1964, baada ya Vita Kuu ya Pili. Maskini mama wa watu, Vita na Marekani vinamhusu nini, yeye na pamba yake?

Wenye Kiingereza ndo walivyo. Wakiishi kipindi fulani wanakipa jina, halafu jina linasafiri kuliko wao. Hata modern yenyewe ina asili ya Kilatini, modo, yaani sasa hivi. Enzi za Shakespeare lilikuwa linatumika kwa kitu cha kawaida tu, cha kila siku, hakina hata mvuto. Kuvaa suti kumekuja baadaye.

Usukuma ilikutana nalo likiwa limeshavaa. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma, na kilimo cha kisasa kikawa amri: lima matuta tunavyotaka sisi, punguza ng'ombe, ukikaidi unapigwa faini. Kumwambia Msukuma apunguze ng'ombe! Ng'ombe ndo akiba, ndo mahari, ndo heshima ya mji. Aliyegoma akaonekana mshamba asiyejua dunia imefika wapi, kumbe anatetea mali yake. Hasira zikaingia kwenye siasa. TANU ikazuiwa kuendesha matawi Jimbo la Ziwa kuanzia 1954 hadi 1958, na mwaka huo wa 1958 Geita kukachafuka kweli kweli. Amri zile zikafa.

Mkoloni akaondoka, neno likabaki. Kisasa, kutoka sasa. Nyumba ya kisasa, ng'ombe wa kisasa, saluni ya kisasa hata kama ina kioo kimoja. Miaka ya 1990 ukaja muziki wa kizazi kipya na utandawazi, kisha wazee wakaanza kulaumu watoto wa dotikomu kwa kila kitu, mpaka suruali.

Wasukuma nao walikuwa na namna yao ya kuweka alama kwenye wakati. Aliyezaliwa kipindi cha njaa aliweza kuitwa Nyanzala, wa mvua Mabula. Ukisikia jina unajua nyumbani kwao kulikuwaje siku ile. Herufi Z haikwambii lolote kuhusu mvua ya Itilima.

Ila jina la kuletewa linaweza kugeuzwa. Kenya, Juni 2024, vijana walioandamana kupinga Muswada wa Fedha walilibeba hilo hilo la Gen Z. Tarehe 25 wakaingia bungeni, wengine wakapigwa risasi wakafa, na kesho yake rais akasema muswada hasaini. Tangu hapo ukisema Gen Z Afrika Mashariki, watu hawafikirii simu na TikTok peke yake.

Na yule wa 1998? Alizaliwa Wilaya ya Bariadi, Mkoa wa Shinyanga. Itilima, ambayo makao yake makuu ni Lagangabilili, imeanza 2012 pamoja na Mkoa wa Simiyu. Kwa baadhi ya hesabu za vizazi, wilaya yake ni Gen Alpha. Kaizidi umri wilaya yake mwenyewe.