Nzuwani na Mwali katika vita vya ndugu, 1997–2008

Kinampanda, juu ya nyanda za Iramba nchini Tanzania, kuna watu waliozeeka bila kuiona bahari. Lakini Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) huandikisha vijana kutoka kila mkoa, na alfajiri ya Machi 25, 2008, jeshi hilo liliposhuka kisiwani Nzuwani, Komoro, pamoja na askari wa Sudan na wa Komoro yenyewe, vita vya kisiwa vilikuwa jambo la bara pia. Kisa chake kinastahili kusimuliwa tangu mwanzo.

Katika kura ya Desemba 1974, visiwa vya Ngazija, Nzuwani na Mwali vilitaka uhuru. Kisiwa cha nne, Maore (Mayotte), kikakataa, kikabaki chini ya Ufaransa. Komoro ilijitangazia uhuru Julai 6, 1975, na miaka iliyofuata ikawa ya mapinduzi na mamluki. Serikali ilikaa Moroni, Ngazija, na Wanzuwani wakaona kila kitu kinaishia huko. Walimu na watumishi wengine walikaa miezi mingi bila mshahara. Wakati huohuo Maore ipo umbali wa kilomita 70 hivi tu, na huko mshahara ulikuwa mkubwa zaidi. Mwaka 1995 Ufaransa ilianza kudai viza kwa Mkomoro anayekwenda Maore. Ndipo watu wakaanza kuvuka usiku kwa kwasakwasa, vyombo vya uvuvi vyenye mashine, vikiwa vimejazwa kupita kiasi. Wengi walizama.

Agosti 3, 1997, Nzuwani ikajitenga. Siku chache baadaye Mwali ikafuata. Wakuu wa uasi waliomba warudishwe chini ya Ufaransa, Paris ikakataa. Wapo wanaowacheka Wanzuwani kwa ombi lile. Mimi naliona kuwa kilio cha watu waliochoka kusahauliwa na wenzao wenyewe. Septemba, Rais Mohamed Taki Abdulkarim alipeleka askari takriban 300 kuirudisha Nzuwani kwa nguvu. Walishindwa vibaya, na kushindwa huko kukawapa waasi kiburi. Lakini mwishoni mwa 1998 wanamgambo wa Nzuwani walikuwa wanapigana wao kwa wao ndani ya mji mkuu wa kisiwa, Mutsamudu.

Kisiwa hakihitaji kuzungukwa na jeshi ili kibanwe. Mapema mwaka 2000 Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliiwekea Nzuwani vikwazo: mafuta yakazuiwa, simu zikakatwa. Hiki ni kisiwa kinachoishi kwa karafuu, vanila na mlangilangi. Ua la mlangilangi huchumwa asubuhi na mapema, nalo halingoji. Lazima litiwe mtamboni upesi kabla halijapoteza harufu. Mafuta yake huuzwa ng'ambo kwa watengeneza manukato, kwa hiyo bandari ikifungwa, mkulima wa mlimani ndiye anayeumia kabla ya mkubwa yeyote.

Mwali, kisiwa kidogo kuliko vyote vitatu, hutajwa kwa nusu sentensi tu katika masimulizi mengi, na hilo si haki. Kilirudi kundini bila kumwaga damu nyingi, na ni katika mji wake wa Fomboni, Februari 17, 2001, ndipo pande zote zilipotia saini mapatano. Katiba ya Desemba mwaka huo ikakipa kila kisiwa rais na bunge lake, na urais wa Muungano wa Komoro ukawa wa zamu kati ya visiwa.

Huko Nzuwani, rais wa kisiwa, Kanali Mohamed Bacar, hakutaka kuondoka muda wake ulipokwisha mwaka 2007. Aliendesha uchaguzi ambao Umoja wa Afrika uliukataa. Mwaka uliofuata, Rais Jakaya Kikwete wa Tanzania akiwa mwenyekiti wa Umoja huo, majeshi yakaingia, na Mutsamudu ikachukuliwa ndani ya siku moja. Bacar alitoroka kwa chombo hadi Maore, kwa njia ileile iliyokuwa imewaua raia wake wengi. Wafaransa wakamhamishia Réunion, kisha Benin.

Zamu ya Mwali ilifika: Mei 2011 Ikililou Dhoinine akaapishwa, rais wa kwanza kutoka kisiwa hicho. Zamu ya Nzuwani ilitarajiwa mwaka 2021. Kura ya maoni ya Julai 2018 ikabadilisha utaratibu, rais aliye madarakani akaruhusiwa kugombea tena, na Oktoba mwaka huo watu wenye silaha wakajifungia katika vichochoro vya mji mkongwe wa Mutsamudu, wakapambana na jeshi kwa siku kadhaa.