Visima Vitano vya Songo Songo

Imekuwa ada, kila inapotajwa gesi ya Songo Songo, kuwasikia watu wenye elimu yao wakisema kwamba Waitalia waliigundua mwaka 1974, sisi wenyewe tukailalia miaka thelathini, hata walipokuja wageni wengine kutuamsha mwaka 2004 ndipo ikachoma mitambo ya umeme ya Ubungo, Dar es Salaam. Neno hili limeenea kwa sababu tarehe zake mbili ni sahihi. Na kosa lililojengwa juu ya tarehe sahihi huwa gumu kulibomoa, maana msemaji akiulizwa ithibati hutoa tarehe, na msikilizaji akiridhika na tarehe hasahau tu kuuliza yaliyotokea baina yake, bali huona haya kuuliza.

Ithibati yangu mimi ni ndogo, nayo imekaa wazi siku zote bila ya kutazamwa: ni namba za visima. Visima vilivyoanza kupeleka gesi Dar es Salaam mwaka 2004 vilikuwa vitano, na majina yake kwa mafundi ni Songo Songo namba 3, namba 4, namba 5, namba 7 na namba 9. Namba 1, kile kilichochorongwa na AGIP, kampuni ya hao Waitalia, hakimo. Hivyo vitano vyote vilichorongwa na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, yaani TPDC, kabla ya kwisha mwaka 1983, na namba 10 haikuchorongwa ila mwaka 2007, gesi ikiwa imekwisha kupita bombani miaka mitatu. Basi kama taifa lilikuwa limelala, ni usingizi wa ajabu huo ambao mwenye kuulala huamka ameshachimba visima.

Habari za BP na Shell, waliopekua Mafia, Unguja na Pemba katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 wasipate kitu cha kuuzika, zimeandikwa vya kutosha, nami nazipita. Kadhalika inajulikana kwamba TPDC liliundwa mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, na kwamba AGIP ndiyo iliyopewa nafasi ya kutafuta mafuta katika pwani hii, ikafika Songo Songo, kisiwa kidogo cha wavuvi mbele ya Kilwa, ikachoronga, ikapata gesi, ikaona hailipi, ikaiacha.

Wako wanaoihukumu AGIP kwa kuondoka huko kana kwamba ilifanya khiana. Mimi simo katika kundi hilo. Mtafuta mafuta ghafi akiyapata huyapakia melini akayauza kokote duniani. Lakini gesi asilia, kwa hali ya wakati ule, ilitaka bomba refu, na mwisho wa bomba ilitaka mnunuzi mkubwa mwenye kulipa kila mwezi, na mnunuzi huyo hakuwapo. Fauka ya hayo, kampuni hiyo hiyo ilikuwa mshirika wa serikali katika kiwanda cha TIPER kule Kigamboni, kilichokuwa kikisafisha mafuta ghafi yaletwayo kwa meli tangu mwaka 1966. Biashara yake ilikuwa mafuta, na gesi ya Kilwa haikuwa na mahali katika daftari lake. Mfanyabiashara aliyepiga hesabu yake akaondoka halaumiwi. Lakini hasifiwi pia kwa kazi asiyoimaliza.

Na kazi iliyobaki ilikuwa kubwa. Kugundua gesi na kuithibitisha ni mambo mawili mbalimbali: kisima kimoja chaweza kukuambia kwamba chini kuna gesi, ilhali hakikuambii mwamba unaoishika umeenea mpaka wapi, shinikizo lake litadumu miaka mingapi, wala kama inatosha kuendesha mitambo au itakwisha kabla ya deni la bomba kulipwa. Majibu ya maswali hayo hayapatikani ila kwa kuchoronga tena na tena, kisiwani na baharini, kwa fedha za kigeni. Sasa msomaji na akumbuke ni miaka gani tunayoizungumza. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda takriban mara nne baina ya mwaka 1973 na 1974. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977. Vita vya Kagera vikafuata. Mafuta yakapanda tena mwaka 1979, na wananchi wakapanga foleni kwa sabuni na sukari. Katika dhiki hiyo serikali iliyokuwa ikihesabu dola moja moja ilikubali kuzitumbukiza baadhi yake katika mashimo ya Songo Songo, ikisaidiwa na mikopo ya Benki ya Dunia, na shirika changa lililoanza kazi mwaka 1973 likatoka humo na hazina iliyopimwa na kujulikana.

Wala halikukaa bure baada ya hapo. Palikuwa na azma ya kujenga kiwanda cha amonia na mbolea huko Kilwa, chini ya kampuni iliyoitwa Kilamco, pamoja na mshirika kutoka Marekani; gesi ingegeuzwa mbolea na mbolea ingeuzwa nje. Mpango ule ulikufa, kwani fedha zake hazikupatikana na soko la mbolea duniani lililegea. Wapo wanaoitaja Kilamco kwa kicheko. Lakini aliyetafuta mnunuzi asimpate si sawa na asiyetafuta.

Ukame wa miaka ya 1990 ulipokausha mabwawa na kuleta mgawo wa umeme, hatimaye mnunuzi alipatikana, naye ni umeme wenyewe. Ikaundwa kampuni ya Songas, ikiwa na wawekezaji wa Kanada mwanzoni. Hapo ndipo ulipo ucheleweshaji unaostahili kuitwa kwa jina lake, nao haukutoka kwa wachorongaji: mwaka 1995 ulitiwa saini mkataba na kampuni ya IPTL wa mtambo wa megawati 100 wa kuchoma mafuta mazito, kwa miaka ishirini, ilhali gesi iliyopimwa inangoja. Kwa ajili hiyo Benki ya Dunia ikasita kutoa fedha za bomba la gesi. Shauri la mkataba huo likapelekwa kwa wasuluhishi wa kimataifa, ambao mwaka 2001 walipunguza gharama zilizokuwa zikidaiwa. Hoja ya kwamba mtambo ule ulikuwa dawa ya dharura siipi nafasi, kwa kuwa dharura ya mwaka 1995 iliwasha mashine zake mwaka 2002.

Bomba la kilomita 232, kuanzia kisiwani, kupitia Somanga, hata Ubungo, ni kazi adhimu ya waliokuja baadaye, na heshima yake ni yao. Gesi ya Ghuba ya Mnazi, ghadhabu ya watu wa Mtwara juu ya gesi mwaka 2013, na gesi ya kina kirefu cha bahari ni milango mingine. Wahenga walisema mkulima ni mmoja, walaji ni wengi. Sina kijicho na walaji. Ila atakayeisimulia tena habari hii kwa insafu, baada ya kumtaja Mwitalia na kisima chake cha kwanza, asiruke hata Ubungo. Na aendelee kuhesabu kutoka kisima cha tatu.