Wageni na Wenye Nchi: Bunduki na Karatasi katika Historia ya Ardhi ya Katanga

1. Utangulizi

Historia ya upanuzi wa Marekani kuelekea magharibi imeelezwa kwa muda mrefu kwa dhana ya mpaka unaosogea, yaani mstari wa makazi ya walowezi uliosonga mbele mwaka hadi mwaka na kuwasukuma wenyeji. Mwaka 1893, mjini Chicago, Frederick Jackson Turner alidai kwamba mpaka huo ndio uliojenga tabia ya taifa la Marekani, na kwamba sasa ulikuwa umefungwa. Wanahistoria waliomfuata walimkosoa, kwa kuwa aliwasahau watu waliokuwa wakiishi upande wa pili wa mstari.

Makala hii inaipima dhana hiyo kwa historia ya Katanga. Hoja yake ni kwamba Katanga ilipitiwa na mipaka kadhaa iliyofuatana, na kwamba kila kundi la wageni lilijipatia haki ya nchi kwa njia yake. Wayeke walitumia ujamaa, ushuru na bunduki. Wazungu walitumia bunduki pia, lakini silaha yao iliyodumu ni karatasi.

2. Wayeke: wageni waliotawala

Yapata mwaka 1856, Ngelengwa, mwana wa Kalasa, alifika Katanga kutoka Usumbwa, magharibi ya Unyamwezi. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa shaba aliyeijua njia hiyo. Kijana huyo, aliyejulikana baadaye kwa jina la Msiri, hakukuta nchi tupu. Wasanga, Walamba na wengineo walikuwa na machifu wao, mashamba yao na chumvi yao, pamoja na mafundi walioyeyusha shaba na kuifinyanga kwa umbo la misalaba.

Msiri aliingia kwanza kwa urafiki. Bunduki zake ziliwasaidia baadhi ya machifu dhidi ya mashambulizi ya Waluba. Ndoa nyingi zilimuunganisha na koo za nchi, na hata na wafanyabiashara wa Angola, alikotoka mkewe Maria de Fonseca. Baadaye mgeni aligeuka mfalme. Kutoka Bunkeya, mji mkuu wa Garenganze, alitoza ushuru wa pembe za ndovu, shaba na chumvi, na kuuza watumwa pande zote mbili, Bahari ya Hindi na Atlantiki. Kwa hiyo si sahihi kumchora Msiri kama mwenyeji asiye na doa aliyevamiwa na wageni. Wasanga waliokwisha kuchoshwa na utawala wake walimwasi, na uasi huo ulikuwa umeidhoofisha Bunkeya kabla ya majeshi ya Wazungu kufika.

3. Karatasi

Amri ya Dola Huru ya Kongo ya tarehe 1 Julai 1885 ilitangaza kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya Dola. Wakati huo hakuna ofisa wa Dola hiyo aliyekuwa amekanyaga Bunkeya. Neno lenye uzito katika amri hiyo ni «isiyo na mwenyewe». Shamba lililopumzishwa ili udongo upate nguvu, pori la kuwindia na mbuga ya chumvi, vyote vilikuwa na wenyewe kwa desturi, lakini machoni mwa sheria hiyo vilionekana vitupu. Huko Marekani, sheria ya mwaka 1862 iliyompa mlowezi ekari 160 ilisimama juu ya fikra iyo hiyo.

Msiri alielewa hatari ya maandishi. Mwezi wa Novemba 1890, Alfred Sharpe alimletea mkataba kwa niaba ya kampuni ya Cecil Rhodes, Msiri akaukataa. Mwaka uliofuata alifika Paul Le Marinel, kisha Alexandre Delcommune, wote kwa upande wa Mfalme Leopold II; nao hawakupata utii wake. Tarehe 14 Desemba 1891 uliingia msafara wa William Stairs, uliotumwa na Kampuni ya Katanga. Haukumsubiri akubali: bendera ya Dola ilipandishwa, na tarehe 20 Desemba Kapteni Omer Bodson alimpiga Msiri risasi akamuua. Bodson naye alipigwa papo hapo, akafa. Mwaka mmoja tu ulikuwa umepita tangu tarehe 29 Desemba 1890, askari wa Marekani walipowaua Walakota huko Wounded Knee, wakiwemo wanawake na watoto.

Baada ya bunduki, karatasi ziliendelea na kazi. Kampuni ya Katanga iliahidiwa theluthi moja ya ardhi, iliyogawanywa kwenye ramani kwa vipande vya mraba kama ubao wa dama. Kampuni za reli za Marekani nazo zilipewa ardhi kwa mtindo huo. Mgawo huo haukutekelezeka, ndipo ikaundwa Kamati Maalumu ya Katanga mwaka 1900, iliyosimamia ardhi yote kwa niaba ya pande mbili na kuitawala nchi hadi 1910. Mukanda Bantu, mrithi wa Msiri, alibaki chifu chini ya Dola. Wayeke waliosaidia majeshi yake kuwapiga Wasanga walivuna hifadhi, hawakurudishiwa ufalme.

4. Mji na lugha ya wageni

Union Minière iliundwa mwaka 1906. Mwaka 1910 reli kutoka kusini ilifika mahali palipojengwa Élisabethville, mji ulioitwa Lubumbashi tangu 1966. Hapa ndipo Katanga inapoachana na mfano wa Marekani. Walowezi wa Kizungu waliolima walikuwa wachache. Utajiri ulikuwa chini ya ardhi, na ulihitaji mikono. Wafanyakazi waliletwa kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, Maniema na Rwanda, wakakaa katika mitaa iliyotengwa na mji wa Wazungu.

Lugha iliyowaunganisha ni Kiswahili. Nacho kilikuwa mgeni: kilikuja na biashara ya pwani na misafara, ukiwemo ule wa Stairs ulioajiri watu Zanzibar, kisha kampuni na misheni zikakieneza. Mwaka 1965, André Yav alipoandika historia ya mji kwa upande wa watumishi wa Wazungu, aliiandika kwa Kiswahili cha mji huo huo. Lugha ya wageni ilikuwa imekuwa ya wenyeji.

5. Hitimisho

Jambo hili si la makumbusho. Mwaka 1992 na 1993, maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi, Kolwezi na kwingineko kwa madai kwamba ni wageni, ingawa wengi walizaliwa Katanga. Historia iliyoelezwa hapa haimpi yeyote hoja ya kumfukuza jirani yake: kwa kipimo cha nani alitangulia, Wayeke nao wangeondoka, na Kiswahili pamoja nao. Wakati huo huo, kanuni ya 1885 haikufutika kwa uhuru. Sheria ya 1966 iliyojulikana kwa jina la Bakajika, na ile ya tarehe 20 Julai 1973, zilirudisha ardhi kwa Dola, si kwa vijiji vilivyonyang'anywa. Mkulima anayeambiwa leo kwamba shamba la babu yake limo ndani ya kibali cha mgodi anashindana na karatasi, si na jirani aliyetoka Kasai. Mtafiti wa historia ya Katanga hana budi kuzitenganisha kesi hizo mbili, kwa sababu ugomvi wa wageni na wenyeji umeifunika mara nyingi ile ya ardhi.