Miche ya Lusambo: Safari ya Kahawa ya Robusta kutoka Kongo hadi Java

Utangulizi

Katika komini ya Kampemba, mjini Lubumbashi, ambako mtaa mmojawapo huitwa Industriel, habari za kuuza bidhaa nchi za nje huwapeleka watu moja kwa moja kwenye madini. Reli iliyotoka kusini iliufikia mji huo, wakati ule ukiitwa Elisabethville, mwaka 1910. Mwaka uliofuata kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ikaanza kuyeyusha shaba hapo. Tangu wakati huo biashara ya nje ya Katanga imehesabiwa kwa tani. Tani ya shaba ikishasafirishwa haizai tani nyingine. Anayehitaji zaidi hana budi kurudi kununua tena.

Hata hivyo, miaka kumi kabla ya shaba hiyo, bidhaa ya namna nyingine ilikuwa imekwisha kutoka katika nchi hiyo hiyo, nayo ni mbuni wa mwitu wa bonde la mto Sankuru. Bidhaa hiyo iliuzwa ikiwa hai, na mnunuzi aliyeipata hakuwa na haja ya kurudi. Makala haya yanafuatilia safari ya mmea huo na kuchunguza ni nani waliofaidika nao, na kwa sababu gani.

Soko lililotangulia bidhaa

Mwaka 1869 ugonjwa wa kutu ya majani ulitambuliwa katika mashamba ya kahawa ya Sri Lanka, na mwaka 1876 ukaonekana Java. Kuvu wake, Hemileia vastatrix, hutia majani ya mbuni wa arabika madoa ya rangi ya machungwa, kisha majani hupukutika na mti hudhoofika. Wenye mashamba wa Sri Lanka waliihama kahawa, wakaishika chai. Wale wa Java walijaribu mbuni wa liberika kutoka Afrika Magharibi, lakini huo nao baadaye ukaingiwa na kutu.

Kwa hiyo, mwishoni mwa karne ya 19, Java ilikuwa na ardhi iliyolimwa, vibarua, viwanda vya kukobolea na njia za kufikia bandari. Kilichokosekana ni mbuni wa kustahimili ugonjwa. Yaani, soko la miche lilikuwa tayari kabla mche wenyewe haujajulikana.

Lusambo katika miaka ya 1890

Kituo cha Lusambo, kando ya Sankuru, kilianzishwa mwaka 1890 na Paul Le Marinel kwa niaba ya Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Upande wa mashariki wa kituo hicho ilienea nchi ambayo Waungwana, wafuasi wa wafanyabiashara wa pwani kama Tippu Tip, walikuwa na nguvu pamoja na washirika wao, miongoni mwao Ngongo Lutete. Vita baina ya Dola na wafanyabiashara hao vilipiganwa kuanzia 1892 hadi 1894. Ngongo Lutete, aliyekuwa amehamia upande wa Dola, aliuawa na maofisa wa Dola hiyo hiyo mwaka 1893.

Wataalamu wa mimea walipita katika njia zilizofunguliwa na bunduki. Mmoja wao alikuwa Émile Laurent, profesa wa chuo cha kilimo cha Gembloux, ambaye jina lake limefungamana na mbuni wa mwitu uliokusanywa katika eneo la Lusambo katika miaka hiyo. Mwaka 1900 mtaalamu mwenzake, Émile De Wildeman, aliuita mmea huo Coffea laurentii kwa heshima yake.

Kitalu cha Brussels

Mbegu ya kahawa haina maisha marefu. Ikikaa miezi michache tu huanza kupoteza uwezo wake wa kuota, hivyo safari ndefu ya bahari ilikuwa hatari kwake. Njia ya uhakika zaidi ilikuwa kusafirisha mche uliokwisha kuota, ndani ya sanduku la kioo la aina iliyobuniwa na Nathaniel Ward wa London katika miaka ya 1830. Ndani ya sanduku hilo lililozibwa, mvuke uliotoka majanini ulijikusanya kwenye kioo na kurudi udongoni. Mche uliweza kukaa majuma mengi melini bila kumwagiliwa.

Mbuni wa Kongo ulifikishwa Brussels, katika kampuni ya L'Horticole Coloniale ya Lucien Linden, mwana wa Jean Linden aliyejulikana kwa biashara ya maua ya okidi. Katika orodha yake ya mimea ya kuuzwa ya mwaka 1900, Linden aliutangaza kwa jina la Coffea robusta, neno la Kilatini lenye maana ya wenye nguvu. Kisayansi jina hilo halikustahili kudumu, kwa kuwa mmea wa aina hiyo hiyo ulikwisha kuelezwa mwaka 1897 kwa jina la Coffea canephora, na kwa kanuni za elimu ya mimea jina la kwanza ndilo hushinda. Lakini katika biashara lilishinda jina la muuzaji, ambalo liliwaahidi wakulima kile hasa walichokuwa wakikitafuta.

Mwaka 1901 miche takriban 150 ya Linden ilifika katika shamba la Soember Agoeng, mashariki ya Java.

Kazi ya Java na marejeo ya Kongo

Itakuwa kosa kudhani kwamba kuanzia hapo mambo yalijiendea yenyewe. Mbuni wa robusta hauwezi kujichavusha. Sharti upate chavua ya mti mwingine. Matokeo yake ni kwamba kila mbegu ni mchanganyiko mpya, na watoto hawafanani na mama yao. Huko Java, hasa katika kituo cha majaribio cha Bangelan, miti iliyozaa vizuri ilichaguliwa kizazi baada ya kizazi, na matawi yake yakaunganishwa na mashina ya miti mingine ili sifa zake zisipotee. Kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, robusta ilikuwa imekwisha kushika sehemu kubwa ya kilimo cha kahawa cha kisiwa hicho.

Kisha mmea ukarudi. Mbegu zilizochaguliwa Java zililetwa Kongo ya Wabelgiji, na kazi ya uchaguzi ikaendelezwa na INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoanzishwa mwaka 1933, huko Yangambi na Lula, karibu na mji ambao sasa ni Kisangani. Nchi ya asili ya mmea ikawa miongoni mwa wapokeaji wa mbegu bora za mmea huo huo.

Buni isiyoota

Yafaa kulinganisha historia hii na ile ya nchi za Ziwa Nyanza, ambako robusta ilijulikana kwa vizazi vingi kabla ya Linden. Lugha yenyewe ni ushahidi: Kiswahili kilichukua maneno kahawa na buni kutoka Kiarabu, hali Wahaya wanasema amwani na Waganda emmwanyi. Buni zilichemshwa pamoja na majani ya kunukia, zikakaushwa, zikatafunwa na kupewa wageni. Huko Buganda zilitumika pia katika kufunga undugu wa damu. Huko Buhaya upandaji wa mibuni ulikuwa chini ya mamlaka ya wakama. Buni iliyochemshwa haioti. Iwe hilo lilikusudiwa au la, bidhaa iliyovuka ziwa haikuweza kuwa shamba la mtu mwingine, na aliyeitaka tena alirudi kwa mwenyewe, kama anunuaye shaba.

Hitimisho

Leo robusta ni karibu asilimia 40 ya kahawa yote ya dunia, na mzalishaji wake mkubwa ni Vietnam. Mkataba wa Bioanuwai wa mwaka 1992 ulitambua mamlaka ya kila nchi juu ya mimea yake, na Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 ikaweka masharti ya kugawana faida. Yote mawili yalikuja miaka tisini na zaidi baada ya miche kufika Soember Agoeng.

Hata hivyo, sheria peke yake haielezi faida ilivyopatikana. Msitu wa Sankuru ulitoa mmea. Bei ilipatikana katika kitalu cha Brussels, na mavuno katika miaka mingi ya uchaguzi huko Java. Ukweli huo haujapitwa na wakati. Ugonjwa wa mnyauko, uliokwisha kuharibu mibuni mingi ya Kongo, ulipotambuliwa Uganda mwaka 1993 na baadaye mkoani Kagera, Tanzania, wakulima walihitaji miche ya kustahimili, na miche hiyo haikupatikana mpaka wataalamu walipoichagua na kuizidisha. Kwa mkazi wa Kampemba aliyezoea kupima utajiri wa nchi yake kwa mizani ya shaba, historia ya miche ya Lusambo inaonyesha mali ambayo haionekani kwenye mizani hiyo. Thamani yake hubaki kwa yule mwenye kitalu, na mwenye subira ya kukitunza.