Mto Glaslyn na Tuta Lililozaa Bandari

Mto Glaslyn, ulio kaskazini-magharibi mwa Wales, huanzia katika ziwa dogo la jina hilohilo chini ya kilele cha Yr Wyddfa, mlima wenye kimo cha mita 1,085, na kabla ya kufika baharini hupita katika maziwa ya Llydaw, Gwynant na Dinas, kisha hupenya korongo jembamba la Aberglaslyn. Ziwa la chanzo lina rangi ya samawati ambayo huwavutia wapanda mlima, ingawa inahusishwa na shaba, madini yaliyochimbwa kando yake katika karne ya 19 na ambayo hayawafai samaki.

Hadi mwanzoni mwa karne hiyo, bahari ilipojaa maji yalipanda hadi karibu na daraja la Aberglaslyn, yakifunika Traeth Mawr, uwanda wa mchanga na matope ambao wasafiri waliuvuka kwa kuongozwa na wenyeji. Mbunge William Madocks, aliyetaka mashamba pamoja na barabara ya kuelekea bandari ya Porthdinllaen na kutoka huko hadi Ireland, aliidhinishiwa na Bunge mwaka 1807 kuuziba mlango wa mto kwa tuta la mawe la takriban kilomita moja na nusu, lijulikanalo kama Cob. Tuta lilifungwa mwaka 1811, likabomolewa na dhoruba Februari 1812, na ukarabati wake, ambao mshairi Shelley alishiriki kuuchangishia fedha, ulimwacha Madocks katika madeni.

Barabara ya Ireland hatimaye ilielekezwa Holyhead. Hata hivyo, mto uliosukumwa magharibi, kwenye malango yanayojifunga bahari inapojaa na kufunguka inapokupwa, ulichimba mkondo wenye kina cha kutosha merikebu. Hapo ndipo ilipojengwa bandari ya Porthmadog katika miaka ya 1820, nayo reli ya Ffestiniog, iliyofunguliwa mwaka 1836, ikapitisha juu ya tuta lilelile mawe ya bamba, yaani mawe yapasuliwayo vipande vyembamba vya kuezekea. Madocks alikuwa amefariki mwaka 1828, kwa hiyo faida kubwa kabisa ya mradi wake, ambayo haikuwa shabaha yake ya kwanza, iliwafikia wengine.

Nyuma ya tuta, matope yaligeuka malisho na vinamasi, ambavyo bado hufurika mvua kubwa inapokutana na bamvua, kwa sababu malango yakijifunga mto hukosa pa kutokea. Mwaka 2004 ndege mwindaji Pandion haliaetus, ambaye hukimbilia Afrika Magharibi wakati wa baridi, alianza kuzaliana katika bonde hilo, akila trauti wa maji baridi na mkizi wa maji ya chumvi.