Kinu Kilichokula Mto

Uliza mtu wa Nakuru unga ulianzia wapi hapa kwetu, atakutajia Delamere. Haki yake apewe: alipata ardhi Njoro mwaka wa 1903, akapanda ngano, kutu ikaila, akapanda tena, na 1908 akaanzisha kampuni akaiita Unga. Jina la Kiswahili, mali ya walowezi.

Lakini vuka Mau Summit uteremke Kericho, hadithi inageuka. Huko, miaka ya 1920 na 1930, Wakipsigis walijijengea vinu vya maji kwenye mito inayotoka Msitu wa Mau. Wakikuyu nao walifanya hivyo upande wa Nyandarua. Mara nyingi watu kadhaa walichanga pesa wakamiliki kinu pamoja.

Jengo lenyewe, kusema kweli, halikuwa la kupigia picha. Kibanda tu, kuta za udongo. Ufundi ulikuwa nje. Mto unazibwa kidogo kwa mawe, maji yanachepushwa kwenye mfereji unaofuata ubavu wa mlima. Mfereji ukiinama sana maji yanaula udongo, usipoinama yanalala. Mwishoni yanaangukia gurudumu, gurudumu linazungusha mtaimbo, na mtaimbo unazungusha jiwe la juu. Jiwe la chini halitikisiki. Mahindi yanaingia katikati, unga unatokea pembeni.

Uskoti walikuwa na mashine iyo hiyo, ila huko kwa karne nyingi mpangaji alilazimishwa kisheria kusaga kwenye kinu cha mwenye ardhi na kumwachia sehemu ya nafaka. Kinu kilikuwa mkono wa bwana. Kipsigis kilikuwa njia ya mwananchi kupata hela, kwa sababu mashamba ya chai ya Kericho yalikuwa na vibarua wa kulishwa, na chakula chao kilikuwa posho.

Na akina mama? Kabla ya hapo wao ndio waliokuwa kinu. Kupiga magoti mbele ya jiwe, kusukuma mbele na nyuma, kila siku, na mahindi ni magumu kuliko wimbi. Sioni uvumbuzi mwingine wa enzi hiyo uliogusa migongo mingi hivyo, na bado vitabu vya shule vinatuimbia reli.

Baadaye mashine za dizeli zikaingia. Hazikuhitaji mto, zikahamia sokoni. Mbao za vinu zikaoza, chuma kikapata kazi nyingine. Ndiyo maana leo unalipa kiingilio kuona kasri la Lord Egerton pale Njoro, lakini hakuna anayekuuzia tikiti ya kinu cha Mkipsigis. Mawe yalidumu. Udongo ulirudi shambani.

Mto Njoro nao unatoka Mau hiyo hiyo, ukimwaga maji Ziwa Nakuru. Mwaka wa 2001 serikali ilimega sehemu kubwa ya msitu upande wa mashariki, na siku hizi kiangazi kikikaza kuna sehemu unavuka mto huo bila kuvua viatu. Hata mtu akikujengea kinu pale bure, kuna miezi gurudumu halingezunguka.